Mtaji au Sadaka

Kutafuta wawekezaji wa filamu ya Karoli Lwanga hapa Moshi kumenionyesha tofauti ya mtaji na sadaka. Ukisema sadaka, kuanzia Kilema hadi Kibosho utaeleweka: kanisa hujengwa kwa michango, na hakuna anayedai gawio. Ukisema mtaji, mfanyabiashara wa mjini anauliza, "Hela yangu inarudi lini?" Ni haki yake.

Ila sadaka nayo ina masharti. Mzee mmoja alikuwa tayari kuchangia. Akasoma mswada, akafika pale Lwanga anapombatiza Kizito, mtoto wa miaka kama 14, siku chache kabla ya kuchomwa moto Namugongo, tarehe 3 Juni 1886. Nimeandika kwamba mikono ya Lwanga inatetemeka.

"Kijana wangu, mtakatifu haogopi. Toa hapo."

Sijatoa. Paulo VI alimtangaza mtakatifu pamoja na wenzake 21 mwaka 1964. Siku ile alikuwa kijana tu wa kasri la Kabaka Mwanga, anayejua kinachokuja. Asipoogopa, imani yake inashinda nini?

Basi nimerudi kwa yule mfanyabiashara. Anataka hela yake irudi, lakini hajaniambia mtakatifu aweje.