Ndoo ya Maji Mekundu

Mvua ikikatika hapa Gasenyi, kaskazini mwa Bujumbura, korongo huendelea kunguruma peke yake. Juzi nilichota humo ndoo moja nikaiacha barazani usiku kucha. Kulipokucha maji ya juu yalikuwa yametakata, na chini umelala udongo mwekundu, laini kama unga wa muhogo, kina cha vidole viwili. Niliushika. Ni shamba la mtu huo, umetoka huko milimani Mirwa.

Ndoo moja ilitaka usiku mzima kutulia. Zamani kazi hiyo waliifanya matete na mafunjo ya bondeni. Mto uliingia humo mwekundu, ukazungukazunguka, ukatoka mwepesi kuelekea Ziwa Tanganyika. Tumejenga juu ya mabonde, tumechimba mitaro, na sasa maji hufika ziwani mbio, mzigo wote mgongoni. Usiku wa kuamkia 10 Februari 2014 mbio hizo ziliua watu zaidi ya 60 katika mitaa ya kaskazini ya Bujumbura. Hao tuliwalilia, tukawawekea matanga. Yanayopotea chini ya maji sijui tuyalilie vipi.

Kusini mwa mji, kuelekea Magara, ufuko ni wa mawe. Wako samaki wadogo wanaokwangua utelezi wa kijani juu ya mawe hayo, na mama wa baadhi yao hubeba mayai kinywani, halafu watoto, bila kuwatema mpaka waweze kujitegemea. Wengi wao hawapatikani katika ziwa jingine lolote duniani. Tope likitanda, chakula hufunikwa na mianya ya kujifichia huziba. Watafiti waliochunguza pwani hizi mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuta aina za samaki zimepungua pale udongo ulipoingia kwa wingi. Namfikiria mama huyo, kinywa kimejaa, akitafuta mwanya.

Ziwa letu limeshaona milango ikifungwa na kufunguliwa. Ziwa Kivu lilikuwa likimwaga maji kaskazini. Volkano za Virunga zikaiziba njia hiyo, na miaka kama 10,000 iliyopita likafurikia kusini, mto Rusizi ukaanza kutuletea maji yake yenye chumvi. Na Lukuga, njia pekee ya ziwa kutokea kuelekea Kongo, mvumbuzi Stanley aliikuta mwaka 1876 imezibwa na tope na mafunjo. Haikupita miaka mingi maji yakaivunja. Yalikuwa mageuzi makubwa, lakini ziwa lilibaki na muda wa kuyazoea, vizazi na vizazi vya samaki. Mabonde yetu tumeyaziba ndani ya umri wa mtu mmoja, na mimi nimeyaona yakiwa na ndege.

Maji ya juu nimeyamwagia migomba. Udongo nimeshindwa kuumwaga mtaroni. Nimeuweka kwenye shina la mwembe, bado umelowa, na mawingu yameanza tena kujikusanya juu ya Mirwa.