Spika Zisizobembeleza Sikio

Mficha maradhi kifo humuumbua. Ndivyo walivyonena wahenga, na usemi huo unamfaa mwalimu wa lugha kama unavyomfaa mgonjwa. Mwanafunzi wa Kampala ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiganda hana budi kujifunza kutenga r na l, kwa maana katika Kiganda sauti hizo mbili hazitofautishi maneno. Katika Kiswahili, karamu si kalamu, wala fahari si fahali. Spika ya darasani ikififisha tofauti hiyo, kosa hujificha, na mwalimu hulikuta katika mtihani.

Kwa ajili hiyo tulinunua jozi mbili za spika za studio zilizokwisha kutumika. Ya kwanza ni Yamaha NS-10M, yenye koni nyeupe. Ukoo wa NS-10 ulitolewa mwaka 1978 kwa matumizi ya nyumbani. Huko haukupendwa sana, lakini mafundi wa studio waliufanya kipimo chao, hata ulipoacha kutengenezwa mwaka 2001. Ya pili ni LS3/5A, kasha dogo lenye kimo cha sentimita 30 hivi. Wahandisi wa BBC waliibuni katika miaka ya 1970 ili itumike ndani ya magari ya kurekodia matangazo, mahali penye nafasi finyu.

Tulizisikiliza katika chumba kimoja, kwa rekodi moja ya wanafunzi wakisoma. Tulisawazisha kwanza ukubwa wa sauti, kwani sikio hudhani chenye kelele zaidi ndicho bora. NS-10M ilisukuma mbele sauti za kati: kila kosa lilijitokeza wazi, lakini baada ya nusu saa masikio yalichoka. LS3/5A ilimleta msomaji mwenyewe chumbani. Thamani ilijitenga na samani bila kuumiza. Hakuna iliyokuwa na besi nzito, wala hiyo si hasara, kwa kuwa konsonanti haziishi katika mtetemo wa ngoma.

Hata hivyo, LS3/5A haina sauti kubwa ya kutosha darasa lililojaa. Basi tuliiacha katika chumba cha kusahihishia rekodi, na NS-10M tukaipeleka darasani kwa vipindi vifupi.

Walimu wenzetu watakaotafuta spika kuukuu, na wachukue rekodi ya mtu wanayemfahamu sauti, si muziki. Waisikilize kila spika peke yake, kisha wabonyeze koni taratibu wakitega sikio: ikikwaruza, waiache. Ukingo wa sponji huoza kwa umri. Wa kitambaa hudumu zaidi.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Watoto wengi watakisikia kwanza darasani. Haifai wakisikie kwa chombo kinachoficha makosa.