Kiingereza cha Melini

Toleo hili naomba niiache kidogo tasnifu yangu (ambayo nayo imeniacha siku nyingi), niwasimulie nilivyogeuka mwalimu wa Kiingereza hapa Abu Hamour.

Ilikuwa hivi. Wakati wa Kombe la Dunia la 2022, meli tatu za kitalii, MSC World Europa, MSC Poesia na MSC Opera, zilifunga gati bandarini Doha zikawa hoteli za mashabiki. Dada mmoja wa Mtwapa ninayesali naye, anayesafisha vyumba vya hoteli hapa mjini, alizitazama toka Corniche na tangu siku hiyo hana wimbo mwingine: kazi ya melini tu. Mwaka huu alipoitwa kwenye usaili wa simu, na kampuni nyingine kabisa, akaniomba nimnoe maneno ya kuzungumza na wageni. Ningekataaje? Injinia mzima, miaka thelathini, tasnifu naandika kwa Kiingereza!

Huku Ijumaa ndiyo siku kubwa ya ibada, na makanisa yamo pamoja ndani ya uzio mmoja. Tukitoka misa tunakwenda kukaa Dar Al Salam Mall. (Mtanzania kwenda Dar kila wiki bila tiketi ya ndege, mnataka nini tena?)

Majina ya vitu hayakutusumbua. "Bow" nilieleza weee, kumbe mwenzangu kakulia pwani. "Kaka, si omo hiyo? Na 'stern' ni tezi." Mimi mtu wa Dodoma ndiyo kwanza nasikia.

Kilichotusumbua ni "pole". Nikamwuliza, mgeni kajikwaa ngazini, unasemaje? "Sorry, sir!" Umemsukuma wewe? "Hapana." Sasa unaomba radhi ya nini? Kiingereza hakina pole yetu, na mgeni anaweza kuisikia "sorry" ya mfanyakazi kama kukiri kosa. Tukakubaliana aseme "Are you all right, sir?" Hakuridhika. Alisema hayo ni maneno ya polisi.

Basi Ijumaa moja nikajifanya abiria. King'ora kimelia, milio saba mifupi na mmoja mrefu, watu wote wanatakiwa kwenye vituo vya kukusanyikia, mimi nataka kurudi chumbani kuchukua begi. Akasimama mbele yangu kwa ile sauti ya hotelini: "Sir, if you don't mind, could you kindly..." Nikampita. Nilifika mpaka kwenye ngazi za umeme.

Tukacheka. Halafu yeye akaacha kucheka. Akasema kwa miaka minne hapa amemwambia mgeni hapana mara moja tu, na mara hiyo msimamizi alimwandikisha barua ya kuomba radhi.

Usiku ule sikusoma. Nilikuwa nakumbuka Costa Concordia, iliyogonga mwamba kisiwani Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, wakafa watu 32. Meli imeshaanza kuingia maji, abiria wanaambiwa ni hitilafu ya umeme, warudi vyumbani. Bila shaka waliambiwa kwa adabu. Nikatafuta, kumbe shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, IMO, lilipitisha tangu 2001 sentensi sanifu za Kiingereza cha melini, na humo mna sehemu ya kuwaongoza abiria wakati wa hatari. Sentensi zenyewe ni fupi, za kuagiza. Na mimi wiki tano nzima nilikuwa namfundisha kunyenyekea, kitu ambacho hoteli ilishamfundisha vizuri kuniliko.

Ijumaa iliyofuata nikamwambia: dada, leo sahau hoteli. Kumbuka soko la Kongowea, ulikokuwa ukimsaidia mama kuuza ndizi. Akavuta pumzi. "Stop! Leave the bag! Follow me!" Ilitoka sauti hiyo, mlinzi, kijana wa Uganda, akaja mbio kuuliza begi liko wapi.

Usaili ulichukua dakika kumi na tano. Aliulizwa mgeni akilalamika kuhusu taulo atamjibuje. Habari ya begi hawakuigusa. Majibu bado anasubiri, na Ijumaa tunaendelea kama kawaida, ila siku hizi mlinzi akiwa mapumzikoni ndiye anakuwa abiria, na ni mbishi kweli kweli.