Mtaa wa Mulberry, Palipowashwa Taa kwa Kikaango



Ukijaliwa kufika New York katika nchi ya Marekani, wenyeji watakuonyesha majumba marefu na ile sanamu ya bandarini. Yaone, si vibaya. Lakini ukiwa mtu wa kamera, au una kijana nyumbani anayepiga picha za arusi na za Komunyo ya kwanza, nakuomba ushuke treni ya chini ya ardhi katika kituo cha Canal Street, uende mashariki kidogo, kisha ushike mtaa wa Mulberry kuelekea kusini. Ukivuka mtaa wa Bayard utaona bustani upande wa kulia. Yaitwa Columbus Park. Wazee wa Kichina hukaa humo wakicheza karata na sataranji ya kwao, na wengine hupiga zeze la nyuzi mbili. Keti nao kidogo, nikusimulie habari ya mahali hapa.

Bustani hii ilifunguliwa mwaka 1897. Kabla yake palikuwa na nyumba za kupanga zilizobanana mno, na kwa kuwa njia yapinda hapo, pakaitwa Mulberry Bend. Maskini waliotoka Ulaya, hasa Waitalia, walikaa humo, jamaa nzima katika chumba kimoja, na vyumba vingi havikuwa na dirisha la kutazama nje. Saa sita mchana mlikuwa na giza. Wakubwa wa mji walipita karibu wasijue, au walijua wasiamini.

Mtu mmoja alikusudia waone. Jina lake Jacob Riis, aliyezaliwa Denmark mwaka 1849 na kufika Marekani mwaka 1870. Alionja njaa, akalala hata katika vyumba vya watu wasio na makao kwenye vituo vya polisi. Baadaye akawa mwandishi wa magazeti, na ofisi yake ilikuwa katika mtaa huu huu wa Mulberry, kaskazini zaidi, mkabala na makao makuu ya polisi. Aliandika mengi juu ya vyumba vile, lakini maneno hayakutosha. Na kamera za siku zile zilitaka jua.

Mwaka 1887 akasoma gazetini kwamba Wajerumani wamepata unga wa magnesiamu uliochanganywa na dawa nyingine, ambao ukiwashwa hutoa mwanga kama wa radi. Kwanza yeye na rafiki zake waliulipua kwa bastola. Hebu fikiri: usiku wa manane wageni wanaingia chumbani mwako na kamera yenye miguu mitatu, mmoja ameshika bastola, mara mlio na moto! Watu waliogopa, kama ambavyo wewe na mimi tungeogopa. Riis akaiacha bastola, akachukua kikaango cha jikoni, akawa anaulipulia unga humo. Aliona kikaango ni chombo cha nyumbani zaidi.

Mtaa wa Bayard ulioukanyaga sasa hivi umo katika mojawapo ya picha hizo. Chumba hakikufika futi 13 kila upande, na walilala humo watu wapatao 12, waume kwa wake, kila mmoja senti 5 kwa usiku. Waona mizigo, viatu, na nyuso zilizotolewa usingizini.

Mimi naipenda kazi ya Riis, lakini jambo moja lanisumbua. Wale watu aliwaomba ruhusa lini? Aliingia na kuondoka, na nyuso zao zikabaki mikononi mwa wageni mpaka leo. Picha zilisaidia, sikatai: kitabu chake kilitoka mwaka 1890, na nyumba za Bend zikabomolewa ndipo bustani hii ikapatikana. Hata hivyo, kijana wangu, wewe bisha hodi.

Mara moja alikuwa darini na vipofu watano, wanaume kwa wanawake, akiwapiga picha. Unga ulipolipuka, makaratasi na matambara ya ukutani yakashika moto, na ngazi za kushukia zilikuwa mbovu. Wale vipofu hawakujua hatari yoyote. Riis aliuzima moto peke yake, kisha akakimbilia barabarani kumwambia askari. Askari akacheka: nyumba ile, alisema, ina uchafu mwingi hata moto hauwezi kuila.

Leo hatuna unga wala moto. Flashi yetu ni ya betri. Lakini kikaango kilikuwa na faida moja ambayo wapiga picha wetu wengi wameipoteza: hakikufungwa juu ya kamera. Mtu alikishika mkononi, akakiweka alipotaka. Tazama picha za arusi kijijini kwako. Paji la uso la bibi arusi lang'aa kama sufuria, pua imelala, na nyuma yake ukutani pana kivuli cheusi. Hiyo ni kwa sababu flashi imekaa kichwani mwa kamera na kumpiga usoni. Iondoe hapo. Mpe mdogo wako aishike upande wa kushoto, juu kidogo ya kichwa cha bibi arusi. Utaona shavu linatokea, na weusi wa ngozi yetu unapata umbo lake.

Basi ununue nini? Kwanza usinunue kitu; mkalishe nyanya karibu na mlango ulio wazi na ujifunze mwanga unavyogeuka usoni. Halafu tafuta flashi moja ndogo ambayo nguvu zake waweza kuzipunguza kwa mkono mpaka sehemu moja ya 128. Ongeza vidude vya redio, kimoja juu ya kamera, kingine kwenye flashi, na uhakikishe dukani kwamba vyapatana na kamera yako. Betri ziwe za kuchajiwa. Mwavuli mweupe ni wa bei nafuu, nao hulainisha mwanga, hasa ukiusogeza karibu na mtu. Mataa makubwa ya umeme wa ukutani waachie wa mjini. Riis mwenyewe alianza na kamera ya dola 25.

Kumbuka pia: flashi ikiwa mita 1 kutoka kwa mtu, nawe ukaisogeza mpaka mita 2, mwanga unaobaki ni robo tu. Na kamera nyingi hazitaki mwendo unaopita 1/200 kwa flashi. Ukizidisha, upande mmoja wa picha huwa mweusi.

Kabla ya kuondoka, panda kijia kifupi cha Mosco mpaka mtaa wa Mott. Pale pembeni lipo kanisa letu Katoliki la Transfiguration, yaani Kugeuka Sura kwa Bwana. Jengo ni la mwaka 1801, nalo liliuzwa kwa Wakatoliki mwaka 1853. Waitalia wa Bend walisali humo, ila kwa miaka mingi waliwekwa chini, katika ghorofa ya msingi, na Waairishi wakakaa juu. Leo Misa husomwa kwa Kiingereza na kwa lugha za Kichina, na wote husali juu. Ukitaka kupiga picha ndani, ngoja Misa iishe, umwombe padre, na flashi yako uishike mbali na nyuso za wanaosali.