Kwa Nini Mama Atafuna Udongo?



Siku ya gulio piteni polepole mbele ya meza za akina mama wauzao vitu vya kutafuna. Mtaona ubuyu uliopikwa kwa sukari na rangi hata ukawa mwekundu kabisa, na mwingine umetiwa iliki na pilipili. Mtaona ukwaju, ambao mtu akiutia mdomoni uso wote hukunjamana. Mtaona embe bichi lililokatwa vipande na kunyunyiziwa chumvi na pilipili. Mgeni aliyezoea pipi za maziwa angeuliza: watu hawa waita utamu kitu gani? Mara uchachu, mara ukali, mara chumvi, na bado mtoto alilia aongezwe! Mimi sina ugomvi na vitu hivyo, na juu ya ubuyu ninalo neno jema la kusema hapo mbele.

Lakini tazameni pembeni mwa meza, kati ya karanga na kashata. Hapo vimepangwa vipande virefu kama chaki, vya rangi ya kijivu au kahawia. Hizo ndizo pemba. Wenzetu wa Kenya waziita odowa. Ni udongo mtupu. Hauna sukari wala chumvi. Umechimbwa, ukapondwa, ukafinyangwa kwa maji, ukakaushwa juani au motoni, basi. Nao wanunuliwa, tena sana.

Katika chuo cha ualimu tulijifunza kuwaeleza watoto kwamba ulimi hutambua tamu, chachu, chumvi na chungu. Udongo haumo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo nilimwuliza mke wangu, ambaye alizipenda pemba alipokuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili, ladha yake ni nini hasa.

Akanijibu, “Baba watoto, ile harufu ya mvua ya kwanza ikipiga vumbi, wewe huipendi?”

“Naipenda.”

“Basi wewe wainusa, mimi naila.”

Sikupata jibu bora zaidi katika kitabu chochote. Vijidudu vidogo mno viishivyo udongoni hutoa kitu chenye harufu ile, na pua ya binadamu hukitambua hata kikiwa kidogo kabisa. Wataalamu walikipa jina mwaka 1965, wakakiita jiyosmini, maana yake kwa Kigiriki ni harufu ya ardhi.

Wala msidhani kwamba jambo hili ni la kwetu tu. Hapo kale udongo mwekundu wa kisiwa cha Lemnos huko Ugiriki ulipigwa mhuri ukauzwa kama dawa, hata tabibu mashuhuri Galen alikwenda kuutazama mwenyewe katika karne ya 2. Katika majimbo ya kusini ya Marekani udongo mweupe huuzwa madukani ndani ya mifuko, na wanawake weusi kwa weupe huutafuna. Na huko Guatemala, katika Amerika ya Kati, liko kanisa la Esquipulas, lenye sanamu ya Kristu Mweusi iliyochongwa mwishoni mwa karne ya 16. Mahujaji huenda huko kwa maelfu. Wauzaji hufinyanga vibao vidogo vya udongo na kuvipiga chapa ya Bwana wetu, ya Bikira Maria au ya watakatifu, na wanawake wenye mimba huvila au huviyeyusha katika maji. Basi yule dada akaaye nyuma kanisani, anayetafuna kwa siri ndani ya kanga, si mwenda wazimu wa kijiji chenu. Anao wenzake duniani kote.

Hata hivyo lugha yetu yenyewe imekwisha kutuonya. Dk. Livingstone, katika maandishi ya safari yake ya mwisho yaliyochapishwa mwaka 1874, alitaja ugonjwa wa Unguja uitwao safura, akaueleza kuwa ni ugonjwa wa kula udongo. Nasi leo tukisema safura twataka kusema kupungukiwa damu, hasa kwa sababu ya minyoo. Tazameni jinsi neno moja lilivyobeba mambo mawili, udongo na upungufu wa damu.

Nayaandika haya kwa sababu yalifika nyumbani kwangu. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuja kukaa kwetu akiwa na mimba ya kwanza, ili awe karibu na zahanati. Alitafuna pemba tangu asubuhi. Alizifunga katika pindo la kanga, na usiku tulisikia kapu, kapu, kama panya. Akipanda kilima cha kanisa alipumzika mara tatu, naye ni msichana aliyekuwa akibeba ndoo mbili za maji. Jirani walisema amerogwa. Mume wake alituma ujumbe kwamba kama haachi uchafu huo atarudishwa kwa wazazi wake. Kwa maneno hayo alizidi kujificha, na kwa kujificha alizidi kula.

Mke wangu alimfunua kope la chini, akakuta ndani kweupe. Asubuhi yake tulimpeleka zahanati. Kipimo cha damu kikasema 7 na nusu, na mama mjamzito yapasa awe na 11 au zaidi. Akishuka chini ya 7 ni hatari kubwa, kwake na kwa mtoto. Mwenye damu kidogo namna hiyo, akitokwa na damu wakati wa kujifungua, hana akiba. Akina mama wangapi tumewazika hivyo, tukasema ni mapenzi ya Mungu, wala hatukuuliza?

Mkunga yule hakumgombeza. Aliuliza tu, “Mwanangu, wala ngapi kwa siku?”

“Mbili, mama.”

Mkunga akanyamaza, akiandika. Shemeji akatazama chini. “Si mbili, mama. Ni sita.”

Hapo ndipo tulipoelezwa. Mtu anayepungukiwa madini ya chuma mwilini mara nyingi hupata hamu ya vitu visivyo chakula: udongo, mkaa, mchele mbichi, na huko penye mitambo ya baridi, barafu. Huko kisiwani Pemba walipochunguzwa wanawake wajawazito zaidi ya 2,000, na habari zikachapishwa mwaka 2010, wengi zaidi walikula mchele mbichi kuliko udongo, na tabia hiyo ilionekana kuandamana na upungufu wa damu. Basi hamu ile si uchawi wala ulafi. Ni kama mbwa abwekaye usiku. Huenda kuna mtu mlangoni. Lakini tazameni ubaya wake: udongo ukifika tumboni waweza kushika yale madini ya chuma yaliyomo katika chakula, yakapita bila kuingia mwilini. Damu yazidi kupungua, na hamu yazidi.

Tena udongo hubeba vingine. Usiopita motoni waweza kuwa na mayai ya minyoo. Na ule wa nchi ya machimbo una hatari yake: huko Geita uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta karibu nusu ya wajawazito waliohojiwa wala udongo, na ndani ya udongo ule kulikuwa na arseniki, ambayo ni sumu. Muuzaji gulioni hawezi kuiona kwa macho, wala mlaji haionji.

Shemeji alipewa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya minyoo. Nawaambia mapema ninyi ambao hamjavitumia: choo huwa cheusi, na wengine huona kichefuchefu. Wengi huvitupa kwa sababu hiyo. Msivitupe. Mkunga alimkataza kumeza vidonge pamoja na chai, kwa maana chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Akasema, chukueni ubuyu. Si ule mwekundu wa sukari, bali unga mweupe wa tunda lenyewe, ukorogwe katika maji, au uliwe pamoja na mchicha na maharage. Uchachu wake una vitamini C, nayo husaidia chuma kuingia. Kumbe mbuyu ulioko nyuma ya shule, ambao watoto huupiga mawe, una kazi kubwa kuliko tulivyodhani!

Nanyi akina baba, nisemeeni kweli: ni nani kati yenu aliyeuliza mkewe wala ngapi, kwa sauti ya yule mkunga? Mume wa shemeji nilimwita, tukakaa. Nilimwonyesha ile kadi ya kliniki yenye namba 7 na nusu. Hakusema neno kwa muda mrefu, kisha akauliza vidonge vyauzwa bei gani. Nilipomwambia kwamba zahanati walimpa bure, alikasirika zaidi, sijui alimkasirikia nani. Juma lililofuata alileta kuku wawili na dagaa debe zima, akalala kwetu siku nne.

Hamu haikuondoka siku moja. Juma la kwanza alilia akitaka pemba, na mke wangu alimpa kipande kimoja, maana alijua ukali wake. Baadaye zikawa mbili kwa juma. Mwezi wa pili kipimo kilisema 9 na nusu, na kilima cha kanisa alikipanda bila kupumzika. Mtoto alizaliwa salama zahanatini, mwanamke, na jina lake nimeliandika mwenyewe katika kitabu cha Ubatizo.

Kipande cha mwisho alikisahau dirishani. Kijana wangu wa darasa la kwanza amekiona, akaandika nacho a, e, i, o, u juu ya mlango wa jiko.