Chombo kwa Chombo Katika Walt Disney World

Si haba nyumba za hapa pwani ambazo mtoto au mjukuu wao amehamia Marekani kwa masomo, kazi au ndoa. Mwaliko hufuata, na mgeni akifika kwa wenye watoto wadogo, siku hazipiti nyingi kabla hajalisikia jina la Walt Disney World. Sisi tulialikwa na mpwa wetu na mumewe, tukafuatana na mama yetu mzazi, mwenye umri wa miaka 78, pamoja na watoto watatu wa mpwa wetu, mdogo wao akiwa wa miaka 2. Hatuandiki kumshauri mtu atoe mali yake kwa ajili ya starehe hizo, ambazo ni ghali. Kila nyumba inaujua wasaa wake. Tunaandika juu ya jambo ambalo ndilo lililotushughulisha zaidi tangu siku ya kwanza, nalo ni namna ya kutoka mahali hadi mahali mkiwa na mzee na mtoto.

Neno bustani humdanganya asiyepaona. Mahali hapo, kusini magharibi ya mji wa Orlando katika jimbo la Florida, ni eneo la yapata kilomita 100 za mraba. Kisiwa chote cha Mombasa kingeingia humo mara kadhaa, na nafasi ikabaki. Ndani yake mna viwanja vinne vikubwa vya burudani, kila kimoja na lango lake na tiketi yake: Magic Kingdom kilichofunguliwa mwaka 1971, EPCOT mwaka 1982, Hollywood Studios mwaka 1989 na Animal Kingdom mwaka 1998. Baina yao pana misitu, vinamasi, maziwa na hoteli nyingi. Kutoka Magic Kingdom hadi Animal Kingdom ni mwendo wa kilomita kama 10 kwa barabara. Basi anayedhani atatoka huku kwa miguu aingie kule, na afute dhana hiyo mapema.

Vyombo vilivyoko ni vingi, na vyote vikuu ni bure kwa mgeni: mabasi, treni ya reli moja, feri na mashua, na vigari vya angani. Lakini bure ya humo hulipwa kwa muda. Chombo huja kwa wakati wake, hujaa, huondoka, nanyi mkasubiri kingine. Mpwa wetu, ambaye ameshapazoea, alikuwa na ada ya kuuliza kila asubuhi ni chombo kipi kitatufikisha upesi. Sisi tuliona swali liwe jingine: ni chombo kipi atakachokipanda mama bila ya kutaabika? Kwani mwenye miguu mizima husimama foleni nusu saa akasahau, ilhali mzee akisimama nusu saa, siku yake imekwisha hapo, na ya wengine nayo pamoja naye.

Kiti cha magurudumu kilikuwa mtihani wa kwanza. Mama alikikataa katakata. Alisema kwa sauti ya chini, ili watoto wasisikie, "Mwanangu, mimi sijawa mzigo." Hatukumjibu. Ni yule mjukuu wa miaka 9 aliyemwambia kwamba akikaa yeye kwenye kiti, basi atampakata mdogo wao mapajani na kigari cha mtoto hakitahitajika. Kwa hoja hiyo alikubali, na kuanzia hapo kiti kikawa cha huyo mtoto, bibi akiwa mlezi wake tu. Tunawanasihi wenye wazee watafute njia ya namna hiyo, yenye kuhifadhi heshima, kabla ya kutafuta njia ya kulazimisha.

Tulilala katika mojawapo ya hoteli za humo zilizo nafuu kidogo, na karibu nayo palikuwa na kituo cha Skyliner, ndivyo vigari vya angani vilivyoanza kazi Septemba 2019. Ni vyumba vidogo vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma, kila kimoja chaweza kuchukua watu 10, navyo haviachi kwenda. Hupunguza mwendo kituoni, mkapanda, vikaondoka. Huunganisha hoteli chache na viwanja viwili, EPCOT na Hollywood Studios, na njia zake hukutana kwenye hoteli ya Caribbean Beach ambako aghalabu hapana budi kubadilisha. Kwa wenye viti vya magurudumu huwa na upande wao, ambako chumba husimamishwa kabisa hata mtu apande kwa utulivu. Hamna mashine ya kupoza hewa. Upepo huingia kwa matundu, na kikiwa chaenda hujisikia vizuri. Radi ikikaribia, husimamisha huduma, na Florida wakati wa kiangazi haikosi ngurumo za alasiri. Kwa hivyo cha asubuhi ni kizuri, cha alasiri ni bahati. Watoto walikipenda kuliko michezo yenyewe. Mama alikitazama kikipita juu ya maji, akasema hakuumbiwa mbawa, akatungoja tushuke tukapande basi.

Mabasi ndiyo yanayobeba watu wengi, na ndiyo yanayofika kila mahali. Kutoka kila hoteli ya kampuni kuna basi la kwenda kila kiwanja, isipokuwa pale ambapo chombo kingine kimeshika njia hiyo. Basi lina ubao wa kumpandishia mwenye kiti cha magurudumu, naye hupandishwa kabla ya watu, pamoja na jamaa zake wachache. Lakini nafasi za viti hivyo ndani ya basi moja ni chache; wakitangulia wenzenu, mtasubiri jingine. Kigari cha mtoto lazima kikunjwe kabla ya kupanda, jambo linalotaka mikono miwili, na akina mama wanajua mkono wa pili huwa umeshika nini. Tena hakuna basi la kutoka hoteli hadi hoteli. Mwenye jamaa aliyefikia hoteli nyingine itambidi apitie kwenye kiwanja au kwenye soko la Disney Springs, abadilishe hapo.

Treni ya reli moja ni chombo cha tangu siku ya ufunguzi. Hupita juu ya nguzo, kwa umeme, na mojawapo ya njia zake hupenya katikati ya jengo la hoteli ya Contemporary, watu wakiwa chini wanakula. Ina njia tatu: moja ya moja kwa moja hadi Magic Kingdom, moja inayozunguka hoteli za kando ya ziwa, na moja iendayo EPCOT. Anayetoka Magic Kingdom kwenda EPCOT hana budi kushuka kwenye kituo kikuu na kubadilisha. Kigari cha mtoto hakikunjwi humo, na hewa imepozwa.

Hapa inafaa kueleza kidogo asili ya mambo haya, kwani si bahati nasibu. Walt Disney mwenyewe, aliyefariki Desemba 1966 kabla mahali hapo hapajajengwa, alikuwa na mpango wa mji ambao magari na malori yangepita chini ya ardhi, watu watembee juu kwa miguu, na safari ndefu zichukuliwe na treni ya reli moja. Mji ule haukujengwa kama alivyoutaka. Hata hivyo wazo lake limebaki kwenye Magic Kingdom: magari huachwa kwenye kituo kikuu, ng'ambo ya ziwa, na kila mtu huvuka. Ziwa lenyewe, Seven Seas Lagoon, lilichimbwa kwa mikono ya watu, na udongo wake ukatumika kuinua kiwanja. Chini ya njia wanazopita wageni mna njia nyingine za wafanyakazi, na vitu na takataka hupita huko bila kuonekana.

Tulipomsimulia mama haya jioni hotelini, alishangaa kwa nini watu wahitaji fundi mkubwa kiasi hicho ili wajue kutembea bila magari. Naye ana haki ya kushangaa, kwani amezaliwa Amu. Mji wa kale wa Lamu, uliowekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Watu hutembea, punda hubeba, na safari ya mbali huanzia gatini kwa mashua. Wazee wetu waliujenga hivyo kwa haja yao, na watu leo hutoa mali nyingi wapate siku mbili tatu za kuishi namna hiyo.

Na jambo la ajabu ni kwamba Lamu yenyewe iko huko. Ndani ya Animal Kingdom wamejenga mji wa bandari wa kubuni wakauita Harambe, na walioubuni walichukua mfano wao kwa miji ya pwani yetu, Lamu ikiwa mbele. Animal Kingdom haifikiwi kwa treni, wala feri, wala kigari cha angani. Ni basi au gari tu. Tulifika kabla ya jua kali. Kuta zimefanywa kama za matumbawe, chokaa imefanywa kama imebanduka kwa chumvi ya bahari, na maandishi ya Kiswahili yako ukutani. Mama aliamuru kiti kisimamishwe. Alinyosha mkono akaugusa ukuta, akaugonga kwa kidole, akasikia kwamba si jiwe la kwao. Kisha akauliza, "Na punda wako wapi?" Hatukuwaona. Kutoka hapo huondoka malori ya wazi yanayozungusha watu baina ya twiga, vifaru na simba, katika ziara iitwayo Kilimanjaro Safaris, na mwenye kiti cha magurudumu huchukuliwa pia. Kijana aliyekuwa dereva alitusalimia "Jambo!" Mama akamjibu kwa salamu nzima nzima, habari za asubuhi, za nyumbani, za wazazi, na kijana akabaki akicheka hana la kujibu. Tuliona uchungu kidogo na fahari kidogo, na hatukuweza kuvitenga.

Sala nazo ziingizwe katika hesabu ya safari. Msafiri ana ruhusa ya kukusanya na kupunguza, na anayeitumia huondokana na wasiwasi mwingi wa foleni. Nyumbani kwetu twaelekea kaskazini. Florida kibla ni kaskazini mashariki, na wengi hudhani ni mashariki moja kwa moja kwa kutazama ramani bapa. Wakati wa kiangazi jua la huko huchwa baada ya saa mbili za usiku, kwa hivyo aliyezoea Magharibi ya saa kumi na mbili na nusu hujikuta na mchana usiokwisha. Tuliwauliza wahudumu pembe tulivu, wakatuonyesha kwa adabu. Faradhi tulizisali chini, tukiwa tumesimama na kibla mbele yetu. Vyombo tuliviachia dhikri.

Usiku ndio mgumu. Fataki za Magic Kingdom zikimalizika, maelfu ya watu huelekea lango moja, nao wote wataka kuondoka kwa wakati mmoja. Mpwa wetu alitaka tukimbilie treni. Tulisimama pembeni na kutazama: foleni ya treni ilikuwa imepanda ngazi na kujikunja, ilhali feri, yenye ghorofa mbili na kuchukua hadi watu 600, ilikuwa ikimeza umati mzima kwa mara moja. Tuliichagua feri. Kiti cha mama kiliingia bila ya ngazi, kigari hakikukunjwa, na upepo wa ziwani ukampoza mtoto aliyekuwa akilia. Mkaazi wa Mombasa hahitaji kufundishwa feri. Huku kama Likoni, mwendaji kwa miguu halipi. Tofauti ni kwamba magari hayamo, na hapana anayesukuma mkokoteni wa machungwa nyuma yako. Kutoka kituo kikuu, mume wa mpwa wetu alituitia gari la kukodi hadi hotelini. Yako pia magari mekundu yenye madoa meupe, yaitwayo Minnie Van, yenye viti vya watoto, ambayo huitwa kwa simu na bei yake ni ya juu. Kwa saa kama ile, wenye mzee aliyechoka wasione tabu kulipa.

Siku ya mwisho hatukununua tiketi. Mama alisema michezo imemtosha, ila angependa kuvuka tena. Tulipanda basi hadi Magic Kingdom, tukaliacha lango tukashika njia ya gatini, kwani feri na treni ziko nje ya lango na hakuna anayeulizwa tiketi ya kiwanja. Tukavuka hadi kituo kikuu, tukarudi kwa treni, tukavuka tena. Mara ya pili alikataa kukaa kwenye kiti. Alisimama ubavuni, mkono mmoja kwenye chuma na mwingine begani kwa mjukuu, akimweleza namna ya kujua upepo unatoka wapi kwa kutazama maji.