Maziwa ya Asubuhi chini ya Mlima Meru

Anayetaka kuiona Engutoto, kata ya jijini Arusha, kwa uzuri wake aamke mapema, kabla mawingu hayajauficha Mlima Meru. Wakati huo mlima wote uko wazi upande wa kaskazini, mita 4,566 kwenda juu, na maziwa yanaingia mjini kutoka maboma na mashamba ya pembeni. Naipenda saa hiyo kuliko zote. Wazee wa Kimaasai hunywa maziwa kikombe kizima, wala tumbo halilalamiki.

Utulivu huo wa tumbo una historia ndefu. Seli karibu zote za mwili, za ngozi kwa za moyo, zinabeba jeni ya lakteza, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa. Lakini ni seli za utumbo mwembamba zinazoisoma kwa nguvu. Kwa watu wazima wengi duniani hata hizo hupunguza kuisoma baada ya utoto, na maziwa yakawaletea gesi na kuhara.

Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, akiwemo Thomas Nyambo wa Muhimbili, walitangaza walichokikuta kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan. Herufi moja ya vinasaba, G, imegeuka C, na imeenea sana kwa wafugaji wa Tanzania na Kenya. Ajabu ni mahali ilipo: herufi 14,010 kabla ya jeni ya lakteza kuanza, tena ndani ya jeni nyingine kabisa, MCM6. Lakteza yenyewe haikuguswa. Ni kama koki ya juu mlimani inayoamua maji ya bomba la bondeni: ikibaki wazi, jeni huendelea kusomwa hadi uzeeni.

Watafiti walikadiria kuwa badiliko hili lina umri wa miaka 2,700 hadi 6,800, enzi ambazo ng'ombe walikuwa wakisambaa kuelekea kusini. Wazungu walipata lao, penye herufi ya 13,910. Hili la kwetu lilizaliwa Afrika, likakuzwa na ng'ombe wetu, na mimi naliona ni fahari ya nchi hii sawasawa na mlima wenyewe.

Si kila mwenyeji analo, na mgeni huenda hana. Basi aagize loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando: sehemu ya sukari imeshaliwa na bakteria walioyagandisha.